Mwalimu Mabano Aweka Chaki Mezani

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, mwalimu wetu wa hisabati atastaafu baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na mitatu. Jina lake rasmi wanalijua wahasibu. Sisi wengine, kuanzia mkuu wa shule hadi mlinzi wa getini, tunamwita Mwalimu Mabano, naye huitika bila kinyongo.

Alifika hapa akiwa kijana mwembamba mwenye begi moja na rula ndefu ya mbao. Aliletwa kwa muhula mmoja tu, kushika nafasi ya mwalimu aliyekuwa likizo ya uzazi. Mwalimu yule aliporudi ikaonekana kazi inawatosha wawili, na muhula mmoja ukawa huu tunaouhitimisha sasa.

Muda wote huo amefundisha watoto wa umri uleule, miaka kumi na miwili hadi kumi na minne, umri ambao sauti zinapasuka, viatu vinabana na kila jambo linatia aibu. Alipewa nafasi ya kupanda kufundisha madarasa ya juu, si mara moja. Akakataa. Huko juu, alisema, watoto wameshaamua kama wanaipenda hesabu au wanaichukia. "Mimi nawataka kabla hawajaamua," alimwambia mkuu wa shule.

Somo analojulikana nalo ni moja. Katika aljebra, fungu la herufi na namba, kwa mfano 3x + 6, huitwa mtajo. Mtajo huohuo unaweza kuandikwa 3(x + 2), au x + x + x + 6, na thamani yake isibadilike hata chembe, iwe x ni namba gani. Kwa walimu wengi hilo ni somo la wiki mbili. Kwake lilikuwa la mwaka mzima. Mtoto akimaliza swali na kuweka kalamu chini, mwalimu alimwinamia na kumuuliza, "Vizuri. Na kwa namna nyingine?" Wanafunzi wake wa zamani wanadai swali hilo limewafuata hadi kwenye ndoa zao.

Jina la Mabano lilitokana na mapazia.

Katika mwaka wake wa pili hapa, maabara ilipata madirisha mapya sita, na jua la mchana likawa linawachoma wanafunzi machoni. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, akajitolea kushona mapazia. Mwalimu akapewa kazi ya kununua kitambaa. Akapima upana wa dirisha, akauita a. Kila pazia lilihitaji upana huo pamoja na shibiri mbili za pindo, yaani a + 2. Kwa madirisha sita ikawa 6(a + 2). Hadi hapo hakuna wa kumlaumu. Kisha, akiwa amesimama dukani huku muuzaji akimharakisha, akafungua mabano. Akazidisha a kwa sita, akaisahau ile mbili. Akanunua 6a + 2 badala ya 6a + 12, na shibiri kumi zikabaki dukani.

Dirisha lilikuwa na upana wa shibiri nane. Kwa hiyo kilichopungua hakikuwa kipande, kilikuwa pazia zima. Mkewe alishona mapazia matano yakapendeza, akafika kwenye dirisha la sita, akashika kiuno. "Mwalimu," alisema mbele ya mtunza maabara, "hesabu yako imevaa suti, lakini dirisha liko uchi."

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Walimu wenzake hawakuwa na subira ya wahenga. Walicheka mpaka kengele ikapigwa, na kufikia jioni jina lilikuwa limeshamganda. Mkuu wa shule wa wakati ule alitaka kununua kitambaa kilichopungua. Mwalimu akaomba dirisha liachwe lilivyo. Tangu hapo kila mwaka amewapeleka wanafunzi wapya pale, akawasimamisha juani na kuwataka wamweleze kwa nini wanaungua. Kusahau kuzidisha cha mwisho ndani ya mabano ni kosa la karibu kila mtoto anayeanza aljebra. Hapa kwetu mtoto akilifanya, wenzake humwambia, "Umeacha dirisha wazi."

Kosa lake la pili lilikuwa kubwa zaidi, ingawa halikumwacha mtu juani. Ili kuhakiki kama mitajo miwili ni sawa, aliwafundisha wanafunzi kuweka namba moja mahali pa herufi, pande zote mbili, na kuona kama majibu yanalingana. Namba hiyo aliiita shahidi. Kwa miaka kadhaa shahidi wake alikuwa mbili, kwa sababu mbili haimchoshi mtu. Siku moja mwanafunzi akatangaza kwamba x² na 2x ni kitu kimoja. Mwalimu akamwita shahidi, na shahidi akakubali: nne kwa nne. Mwalimu akahisi harufu ya moshi, akamwita sifuri. Sifuri kwa sifuri. Darasa likalipuka, "Ameshinda! Ameshinda!" Ndipo mtoto mmoja aliyekuwa anachonga penseli dirishani akasema, bila hata kugeuka, "Si mjaribu tatu?" Tatu ikatoa tisa upande mmoja na sita upande wa pili.

Mwalimu aliweka chaki chini, akawatazama. "Mashahidi wawili wamenunuliwa," alisema, "na mimi ndiye niliyewaleta mahakamani." Kuanzia siku ile mashahidi wakawa watatu, na mmoja lazima achaguliwe na mtu mwingine, si mwenye jibu. Na hata wote watatu wakikubali, kesi haijaisha. Ni lazima mtoto aonyeshe hatua za kutoka mtajo mmoja hadi wa pili, mabano yamefunguliwaje na vinavyofanana vimekusanywaje. Mashahidi hutia moyo, alikuwa akisema, lakini hukumu hutolewa na hoja.

Idara ya hisabati imerithi kutoka kwake desturi nyingine, ambayo walimu wengine wanaitazama kama adhabu. Kabla ya kusahihisha mtihani, walimu wa hisabati hukaa meza moja na kusoma kwa sauti kila jibu lisilokuwemo kwenye mwongozo wa usahihishaji. Wanayaita majibu yatima. Hakuna yatima anayepigwa mkasi, alama ile ya kosa, kabla ya kuulizwa ametoka wapi. Kazi hiyo huchukua nusu siku, na chai hupoa. Mwalimu mmoja wa jiografia aliwahi kuchungulia mlangoni na kuuliza kama wanasahihisha au wanafanya maombi.

Kuhusu mafanikio yake, rekodi za shule zinajieleza. Tutaje tu kwamba walimu wanafunzi waliopita mikononi mwake wanafundisha leo katika shule nyingi, na kwamba kwa miaka mingi amekuwa mwamuzi wa mechi ya walimu na wanafunzi, kazi ambayo anaifanya vibaya kwa pande zote mbili kwa haki.

Mwaka wake wa mwisho tulitegemea uwe wa kupumzika taratibu. Haukuwa.

Mwanzoni mwa mwaka alihamia kwetu binti wa dereva wa malori ya masafa marefu. Baba akipangiwa kituo kipya, familia nzima hufunga virago, kwa hiyo binti alikuwa amepita shule nyingi, na darasani wakamwita Mgeni. Alikuwa mpole, nadhifu, msikivu. Ila hakuandika. Kila zoezi la hisabati alilirudisha likiwa na tarehe juu na weupe mtupu chini.

Bibi yake ndiye aliyeitikia wito wa shule, na ndiye aliyetufumbua macho. Kila walikohamia, mwalimu alikuwa na namna yake ya kuandika. Alichosifiwa huku kilipigwa mkasi kule. "Mjukuu wangu si mjinga, mwalimu," alisema. "Amechoka kukosolewa kwa kitu kilekile." Mwalimu Mabano alimjibu kwamba amemwelewa, kisha akamwambia ukweli: amebakiwa na mwaka mmoja tu kazini, na hana uhakika kama utatosha. Mtoto huyu angeondoka darasa hili bila kuandika, somo lingemfungia mlango huko mbele, na yeye asingekuwepo wa kuusukuma.

Bibi alimshika mkono. "Basi anza leo, mwanangu."

Alianza. Alimpa maswali mepesi, akarudishiwa weupe. Alimpa magumu, akarudishiwa weupe uleule. Kisha siku moja alilitoa darasa hadi uani, kwenye bustani ya mraba, akauliza ni vigae vingapi vya mraba vitaizunguka yote, pamoja na pembe, kama kila upande wa bustani una urefu wa vigae n. Mgeni hakugusa kalamu. Lakini njiani kurudi darasani alimnong'oneza mwenzake jibu, na mwalimu, ambaye haisikii kengele ya mapumziko, alilisikia hilo.

"Binti yangu," alimwambia walipoketi, "kalamu yako ipumzike. Leo wewe sema, mimi ni karani wako. Nitaandika ulivyosema, sipunguzi hata nukta."

Mgeni akatazama dawati, halafu akasema kwa sauti ya chini. Mwalimu akaandika ubaoni: n + n + n + n + 4.

"Haa! Huyo anahesabu kama chekechea," mvulana wa mstari wa nyuma akapaza sauti. "Ni 4(n + 1), mwalimu!"

"Asante, wakili. Njoo mbele. Vigae vyako umevipangaje?"

Wakili akaeleza kwamba kila upande umechukua pembe yake moja, kwa hiyo ni n na moja, mara nne. Mwalimu akakubali, akampa chaki. "Sasa toka kwa mwenzako hadi kwako. Hatua kwa hatua, usiruke ukuta." Mvulana akajikuna kisogo. Akakusanya n nne zikawa 4n. Akapata 4n + 4. Akaitoa nne nje ya mabano, akajikuta amesimama mbele ya jibu lake mwenyewe.

"Kumbe ni kitu kimoja," akasema, sauti imeshuka.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Rudi ukakae."

Kesho yake Mgeni alirudisha karatasi nyeupe. Na keshokutwa. Muhula ukaisha, mwingine ukaanza, mwalimu akiwa bado karani. Binti alizungumza zaidi, mara nyingine alimsahihisha karani wake, lakini kalamu haikuguswa. Katika chumba cha walimu baadhi yetu tulimwambia waziwazi. "Mzee, unamdekeza," alisema mwalimu wa michezo. "Kwenye mtihani wa mwisho ataingia na karani?" Mwalimu Mabano alikoroga chai yake. "Na mimi najiuliza hivyohivyo," akasema.

Mtihani wa katikati ya muhula wa mwisho ulisahihishwa siku ambayo yeye alikuwa ameitwa ofisi ya pensheni. Meza iliongozwa na mwalimu kijana atakayechukua nafasi yake, mchapakazi, mwenye mkono mwepesi. Muda ulikuwa umebana, na majibu yatima hayakusomwa. Swali la mwisho lilihusu meza za mraba zilizounganishwa katika mstari mmoja, kila ubavu ulio wazi ukikaliwa na mtu mmoja. Wanafunzi walitakiwa waandike mtajo wa idadi ya watu kwa meza n. Mwongozo ulisema 2n + 2.

Karatasi ya Mgeni ilikuwa tupu kote, isipokuwa hapo. Kwa mwandiko mdogo uliobanwa pembeni, alikuwa ameandika: 3 + 3 + 2(n − 2). Mwalimu kijana akalipiga mkasi jibu hilo.

Habari zilimfikia Mwalimu Mabano asubuhi iliyofuata, kabla hajatua begi. Aliyezileta alikuwa yule wakili wa mstari wa nyuma, amemkimbilia ukumbini, anahema. "Mwalimu, kuna kesi. Mgeni ameandika. Ameandika yeye mwenyewe! Halafu amekosolewa, na sasa amelaza kichwa mezani hataki kuongea na mtu."

Tuliokuwa katika chumba cha walimu tulitegemea ngurumo. Hakunguruma. Alivuta kiti karibu na mwalimu kijana na kuiweka karatasi, aliyokabidhiwa na wakili, katikati yao.

"Mzee, mwongozo unasema mbili n jumlisha mbili," mwalimu kijana alianza kujitetea.

"Unasema hivyo. Na huyu anasemaje?"

Mwalimu kijana akaitazama karatasi, safari hii polepole. "Anasema… meza ya mwanzo watu watatu, ya mwisho watatu. Za katikati wawili wawili." Akaijaribu tano: kumi na mbili, kumi na mbili. Akaijaribu kumi: ishirini na mbili kote. "Tujaribu moja," akasema, kama mtu anayetafuta mlango wa dharura. "Meza ikiwa moja, katikati anazo meza hasi moja. Hiyo duniani haipo, mzee."

"Duniani haipo. Piga hesabu."

Tatu na tatu ni sita. Ondoa mbili. Nne. Watu wanne kuzunguka meza moja, kama wanavyokaa nyumbani kwa mtu yeyote. Mwalimu kijana alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyepigwa chenga ya haki, kisha akakiacha kicheko. "Nimemkata mtoto siku aliyoinuka," akasema.

"Basi unajua pa kwenda," akasema Mwalimu Mabano. Hakuinuka kumsindikiza.

Mwalimu kijana aliingia darasani akaandika mtajo wa Mgeni ubaoni, mkubwa, wa kuonekana hadi mlangoni. Aliwaeleza wanafunzi meza za pembeni na za katikati, akafungua mabano hatua kwa hatua mpaka 2n + 2, halafu akasema, "Jibu hili ni sahihi, na aliyekosea ni mimi. Samahani, binti." Mgeni alipokea karatasi yake, akaikunja, akaitia mfukoni.

Wiki hiyo hakuandika, wala iliyofuata. Mwalimu Mabano alikuwa ameanza kuondoa vitu vyake kwenye kabati. Hakuzungumzia jambo hilo, na sisi hatukumuuliza, kwa sababu sote tulikuwa tunaitazama kalenda ileile.

Jumanne iliyopita alikaa nyuma ya darasa huku mwalimu kijana akifundisha. Ubaoni palikuwa na 5(x + 3) − x, na agizo la kuuandika mtajo huo kwa namna nyingine. Kengele ilipopigwa wanafunzi walitoka kwa vurugu yao ya kawaida. Mgeni alibaki ameinama juu ya daftari. Kisha akainuka nalo mkononi. Mwalimu Mabano, kwa mazoea, akavaa miwani na kusogeza kiti kumpisha.

Binti alimpita. Alimwamkia kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu," lakini alimpita, akaenda moja kwa moja hadi mezani kwa mwalimu kijana, akaliweka daftari mbele yake. Lilikuwa na mistari miwili ya wino.

"Nimepata 4x + 15," alisema. "Halafu nikapata pia 4(x + 3) + 3. Zote ni sawa?"

Mwalimu kijana alichukua kalamu nyekundu. Akaitazama, akairudisha mfukoni. "Sijui bado," akamjibu. "Vuta kiti. Chagua namba ya kwanza, mimi nitachagua ya pili."

Mwalimu Mabano akavua miwani, akachukua begi lake, akatoka na kuufunga mlango polepole. Alipoingia chumba cha walimu, mwalimu wa zamu akamuuliza kama kipindi kimeisha, maana kengele ilikuwa imepigwa zamani.

"Wanaendelea," akasema, akaomba chai.

Mwalimu wetu, kwa miaka yote uliyotupa, ahsante. Ahsante pia kwa mkeo, aliyekuvumilia ukisahihisha hadi mezani pa chakula. Nenda salama, upate afya, usingizi mnono na asubuhi zisizo na kengele. Na siku utakapopita karibu, usibishe hodi. Ingia tu, ukae nyuma.